Mipira ya milango na madirisha ya gari

'''Mipira ya milango na madirisha ya gari''' (pia: '''raba za gari''') ni vipande vya mpira vinavyoziba nafasi kati ya bodi la gari na milango, vioo au mlango wa nyuma. Kazi yake ni kuzuia maji, vumbi, kelele na moshi wa ekzosi visiingie ndani. Katika gari kuukuu mipira hiyo hupauka, hukakamaa na hatimaye hupasuka.

== Asili ya mpira ==
Mpira wa asili hutokana na utomvu wa miti. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba mpira ukipashwa moto pamoja na salfa huwa imara na haunati wakati wa joto. Wakati wa ukoloni wa Kijerumani walowezi walipanda mpira wa Ceara (''Manihot glaziovii'') katika eneo la Tanga. Bei iliporomoka mwaka 1913 kutokana na ushindani wa mashamba ya Asia ya Kusini-Mashariki, na mkonge ukabaki kuwa zao kuu la walowezi. Majani ya mti huo huliwa hadi leo kwa jina la kisamvu cha mpira.

Mipira ya milango ya magari ya siku hizi kwa kawaida si ya asili. Mingi ni ya aina iitwayo EPDM, inayotengenezwa viwandani na kuchanganywa na masizi ili istahimili jua.

== Sababu za kupauka ==
* '''Jua:''' mionzi ya urujuanimno huharibu tabaka la juu la mpira, nao hugeuka kijivu.
* '''Ozoni:''' gesi hii iliyomo hewani hupasua mpira uliovutwa, hasa ule wa asili. EPDM huistahimili zaidi.
* '''Vumbi:''' katika barabara za udongo za vijiji vya Handeni na Korogwe, vumbi hujikusanya kwenye mikunjo na kuusugua mpira kila mlango unapofungwa.
* '''Mafuta:''' dizeli, petroli, mafuta ya taa, oili na grisi hupenya ndani ya EPDM, nayo huvimba na kulegea.

== Kupima ==
Weusi wa mpira si dalili ya uzima wake. Kipimo rahisi ni kufunga mlango juu ya kipande cha karatasi, kisha kukivuta. Kikitoka bila kukwama, mpira haukazi mahali hapo. Hurudiwa kuzunguka mlango wote. Mpira ukibonyezwa kwa kidole hutakiwa kurudi katika umbo lake, usiporudi, umekwisha.

== Kurudisha hali ==
# Mpira huoshwa kwa maji yenye sabuni kidogo na kitambaa laini, pamoja na mfereji unaokaa ndani yake.
# Huachwa ukauke kabisa kivulini.
# Hupakwa mafuta ya silikoni au gliserini kwa kitambaa, kiasi kidogo tu.
# Baada ya dakika chache yaliyozidi hufutwa, kwa sababu huvuta vumbi.

Kazi hii inafaa kufanywa kabla ya masika na kabla ya vuli. Silikoni isipakwe kwenye gari linalotarajiwa kupigwa rangi karibuni, kwani rangi haishiki mahali ilipogusa.

== Makosa ya kawaida ==
Kosa kubwa ni kufuta mipira kwa dizeli au oili chafu. Hung'aa siku hiyohiyo, lakini baada ya muda huvimba, hutoka katika mfereji wake na kuvuja kuliko mwanzo. Mafuta ya mgando nayo hutokana na petroli ghafi, hivyo hayafai. Rangi ya viatu hufunika kasoro bila kuitibu, na huchafua nguo.

== Wakati wa kubadilisha ==
Hakuna dawa inayounganisha mpira uliopasuka au kulainisha uliokakamaa kabisa. Maji yanayopita hapo hukaa chini ya zulia na kuozesha sakafu ya gari kwa kutu. Mpira mbovu wa mlango wa nyuma una hatari zaidi: moshi wa ekzosi unaweza kuingia ndani, nao una monoksidi ya kaboni, gesi yenye sumu isiyo na rangi wala harufu. Mpira huo ubadilishwe bila kuchelewa, hata kama bado unaonekana mweusi.