Bati la Pikapu na Majirani Zake (Sehemu ya 3)

Juma lililopita tuliishia kwenye chesisi: namna ya kujua kama imepinda kabla hujatoa hata shilingi kwa ajili ya bodi. Leo tuchukulie kwamba chesisi ni nzima, ila fenda ya kulia imekunjamana na boneti imeinuka katikati kama hema. Fundi bodi amekwambia utafute bati la mtumba. Gari lenyewe ni Toyota Hilux ya kizazi kilichoanza kutengenezwa Thailand mwaka 2004, ile tunayoiita Vigo. Nimeichagua makusudi, maana nimewaona wengi wakirudi nyumbani na mabati yake yasiyowafaa.

Hasara huanzia kwenye swali. Mteja anaingia dukani Gerezani na kuuliza, "Fenda ya Vigo ipo?" Muuzaji anasema ipo, wala hadanganyi. Lakini jina la gari halisemi bati hilo lilipakana na nini lilikotoka. Fenda ina majirani wanne: taa, boneti, bampa na mlango. Ikigombana na mmoja tu, fundi ataanza kukata, kuvuta na kujaza puti, na kazi ya nusu siku itakula juma zima.

Mwaka 2011 Vigo ilibadilishwa uso. Boneti, grili, taa na bampa vikachukua umbo jingine, na ukingo wa fenda unaoipokea taa nao ukafuata. Mwenye gari la 2008 akinunua fenda ya 2013 ataona matundu ya bolti yanakaribia kukubali, hadi pale atakaporudisha taa yake ya zamani. Hapo mwanya unatokea ambao hakuna nyundo itakayouziba. Kama uso wote umevunjika, ni afadhali ununue kichwa kizima kilichokatwa kutoka gari moja, kwa sababu majirani wake wamezoeana tayari.

Halafu kuna suala la magurudumu. Pikapu za chini, zinazoendeshwa kwa magurudumu mawili, zina fenda nyembamba. Zile za magurudumu manne huwa na upinde mpana zaidi, na mara nyingi matundu ya kushikilia plastiki ya juu ya tairi. Mbele ya duka zinafanana kabisa. Weka tepu kwenye upinde, kisha hesabu matundu, ukianza na la taa ndogo ya pembeni. Tazama pia kama fenda ilitobolewa kwa ajili ya bomba la kuvutia hewa juu. Tundu hilo ni kubwa, na kuliziba kwa kuchomelea hualika kutu.

Boneti inastahili uangalifu zaidi. Hilux yenye injini ya dizeli ya lita 3.0 ya tabo hubeba kipoza hewa juu ya injini, na boneti yake ina mdomo wa kukiletea upepo. Ukiifunika kwa boneti isiyo na mdomo, kipoza kitakosa hewa na gari litalemewa mlimani. Ukifanya kinyume, yaani kuweka boneti yenye mdomo juu ya injini isiyo na kipoza, mvua itaingia moja kwa moja. Kwa hiyo, fungua gari lako kwanza ujue kilichomo chini.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hawalifikirii ni mahali bati lilipotoka. Tumezoea kwamba spea za mtumba za Toyota zinatoka Japani. Vigo haikuuzwa huko: Hilux iliondoka katika soko la Japani mwaka 2004 na kurudi mwaka 2017, ikiwa ya kizazi kilichofuata. Basi mabati yake ya mtumba hutoka kwingine, na mengine hupitia Sharjah, kwenye magari ya usukani wa kushoto. Fenda na boneti za huko mara nyingi zinaafiki. Milango ndiyo yenye mtego, kwa kuwa swichi kuu ya vioo na nyaya zake ziko upande wa pili. Taa zake usizichukue kabisa. Zimeundwa kumulika zaidi upande wa kulia, na kwetu tunaopita kushoto mwanga huo unamwingia machoni dereva anayekuja. Msomaji wa Bukavu au Bujumbura, anakopita kulia, aigeuze hesabu hii.

Kuhusu milango na bodi ya mizigo nitasema machache: uliza kabini kwanza. Mlango wa kabini moja kwa kawaida ni mrefu kuliko wa mbele wa kabini mbili, na bodi ya kabini mbili ina urefu wa takribani mita 1.5 tu.

Ukiweza, nenda dukani na namba ya kifaa. Kwa Toyota, tarakimu 5 za mwanzo hutaja kifaa: 53301 ni boneti, 53811 fenda ya kulia, 53812 ya kushoto. Herufi na tarakimu zinazofuata ndizo zinazotenganisha toleo na toleo, na muuzaji mzuri wa vifaa vipya anaweza kukutafutia kwa kutumia namba ya chesisi. Kulia na kushoto huhesabiwa kwa aliyeketi kwenye usukani, si kwa anayelitazama gari usoni.

Ukilipata bati, ligeuze. Upande wa ndani ndio unaoonyesha alama za kugongwa na kutu kwenye mikunjo ya kingo. Pitisha sumaku nje. Inapolegea, hapo kuna puti. Kisha mwombe muuzaji akuruhusu ulijaribishe kwenye gari kwa bolti mbili tatu, kabla ya kupigwa rangi, na aandike kwenye risiti kwamba lisipokaa litarudishwa. Akikataa yote mawili, tafuta duka jingine.

Juma lijalo tutasoma namba ya rangi kwenye kibao cha gari, na kuona kwa nini nyeupe ya 040 iliyokaa juani miaka kumi haifanani na nyeupe ya 040 iliyochanganywa leo asubuhi.