Mji wa "Lamu" ulioko Florida: Mabanda ya nchi hubadilikaje, na nani hulipa?

Mfanyabiashara yeyote aliyewahi kukodi banda kwenye maonesho anajua kwamba banda si kuta na paa tu. Ndilo linalomwambia mteja umetoka wapi kabla hujafungua mdomo. Anajua pia kwamba banda huzeeka: rangi huchujuka, mdhamini hujitoa, na mti uliopandwa mlangoni hukua mpaka ukaziba bango.

Makala haya yanaangalia jambo hilo hilo kwa kiwango kikubwa zaidi, yaani kwenye bustani za burudani za kampuni ya Disney katika jimbo la Florida, Marekani. Huko nchi mbalimbali zimejengewa mabanda ya kudumu, na pwani yetu ya Waswahili nayo imejengewa mji wake. Wasomaji wetu wanaopeleka vinyago na vikapu ng'ambo wana sababu ya kulifuatilia, kwa kuwa picha ya Afrika Mashariki aliyonayo mnunuzi wa Marekani mara nyingi imetoka hapo, hata kama hajawahi kukanyaga Mombasa.

Tuanze na bustani ya EPCOT, iliyofunguliwa tarehe 1 Oktoba 1982. Sehemu yake moja, World Showcase, ni mabanda ya nchi yaliyopangwa kuzunguka ziwa. Mwanzoni yalikuwa tisa: Mexico, China, Ujerumani, Italia, Marekani yenyewe, Japani, Ufaransa, Uingereza na Kanada. Morocco iliongezwa mwaka 1984 na Norway mwaka 1988. Baada ya hapo hakuna nchi mpya iliyopata banda.

Wajenzi walitumia hila ya kudanganya macho. Ghorofa za juu hufanywa ndogo kuliko za chini, ili jengo fupi lionekane refu. Mnara wa Eiffel uliopo pale ni mdogo mno ukilinganisha na ule wa Paris, lakini mgeni aliyesimama chini hauoni udogo huo, kwani umewekwa nyuma ya paa za nyumba na mguu wake hauonekani.

Tatizo ni kwamba saruji hukaa pale ulipoiweka, lakini mti haukai. Mti wa kawaida ukiachwa ukue karibu na jengo la namna hiyo, hila yote hufichuka: mnara unageuka kuwa mwanasesere. Kwa hiyo mtunza bustani pale anafanya kazi ya mjenzi pia. Miti hupogolewa kila mara, na ikizidi kimo hung'olewa ikapandwa mingine michanga. Gharama hiyo haiishi, na ndiyo mara nyingi husahauliwa na anayepiga hesabu ya banda siku ya kwanza.

Hali ya hewa nayo ina neno lake. Florida ina joto na unyevu mwingi, hivyo mimea mingi ya Japani au Kanada haiwezi kuishi huko. Wataalamu walichofanya ni kufuata mpangilio badala ya mmea wenyewe. Katika banda la Japani mawe, maji na majani mabichi ya mwaka mzima vimepangwa kwa kanuni za Kijapani, lakini sehemu kubwa ya mimea ni ile inayovumilia jua la Florida. Banda la Kanada lina bustani iliyobuniwa kwa mfano wa Butchart Gardens, bustani maarufu ya jimbo la British Columbia, nayo maua yake hubadilishwa kufuata majira. Tangu mwaka 1994 bustani nzima huwa na tamasha la maua kila msimu wa kuchipua, ambapo vichaka hukatwa na kusukwa katika maumbo ya wanyama na wahusika wa filamu. Ni mapambo yanayovutia, ingawa kwa maoni yetu yanafanya mabanda yote yafanane kwa miezi kadhaa.

Morocco na Norway: wadhamini wawili, hatima mbili

Tofauti kubwa kati ya banda na banda imetokana na mlipaji. Mabanda mengi yalidhaminiwa na makampuni ya nchi husika. Morocco ilikwenda njia nyingine, kwani serikali yenyewe ndiyo iliyoingia. Mfalme Hassan II alituma mafundi wake kwenda kukata vigae na kuvipanga kwa mkono, na mnara wa banda uliigwa kutoka ule wa msikiti wa Koutoubia, Marrakesh. Kwa heshima ya dini, banda hilo halikuwashiwa taa za mapambo katika maonesho ya usiku kama yalivyowashiwa mengine. Hata jengo refu lililojengwa mwaka 1994 katika bustani nyingine ya jirani lilipakwa rangi na kuwekwa maumbo ya kuendana na Morocco, kwa sababu kilele chake kinaonekana nyuma ya banda hilo ukitazama kutoka ng'ambo ya ziwa.

Kazi ya mkono ya namna hiyo ni vigumu kuivunja. Mwaka 2020 uendeshaji wa maduka na migahawa ya Morocco uliingia mikononi mwa Disney, lakini vigae vilibaki pale pale.

Norway ilianza kwa fedha za makampuni na mchango wa serikali. Wakajenga kanisa la mbao la mtindo wa kale, ngome, na nyumba yenye majani yaliyooteshwa juu ya paa kama ilivyo desturi ya mashambani kwao. Makampuni yakajitoa, na mwaka 2002 serikali ikaacha kuchangia. Banda likabaki bila mtetezi. Oktoba 2014 safari ya mashua iliyosimulia historia ya nchi hiyo ilifungwa, na Juni 2016 ikafunguliwa nyingine ya filamu ya katuni ya Frozen. Norway haipo katika filamu ile, ipo nchi ya kubuni inayofanana nayo. Mexico iliwahi kupata mabadiliko ya aina hiyo mwaka 2007, na Ufaransa ikaongezewa burudani ya filamu ya panya mpishi mwaka 2021. Asiyelipia banda lake, mwenye uwanja hulijaza bidhaa zake. Wenye mabanda ya mikataba ya miaka mingi katika viwanja vya maonesho vya kwetu wanaelewa vizuri jambo hili.

Na Afrika? Banda la Afrika ya Ikweta lilipangwa tangu mwanzo, hata likatangazwa wakati wa ufunguzi mwaka 1982. Mgeni angepanda nyumba iliyo juu ya mti mkubwa na kutazama wanyama wakinywa maji jioni. Fedha za wadhamini hazikupatikana na banda halikujengwa. Kati ya Ujerumani na China pakabaki kibanda kiitwacho The Outpost, kinachouza vinywaji, ngoma na vinyago.

Harambe, mji usio katika ramani

Afrika ilirudi kwa mlango mwingine. Tarehe 22 Aprili 1998 Disney ilifungua bustani ya Animal Kingdom, na ndani yake mji wa bandari wa kubuni uitwao Harambe. Kiongozi wa usanifu alikuwa Joe Rohde, ambaye pamoja na wenzake walisafiri Afrika Mashariki kuchukua picha na vipimo. Mfano mkuu ni Lamu: kuta nene za mawe ya matumbawe zilizomomonyoka, milango ya kuchonga, ngome, vichochoro. Majengo yalizeeshwa makusudi. Lipu imebanduliwa, rangi imefifishwa, mabango yamechorwa kwa mkono, mengi kwa Kiswahili.

Msomaji wa Kenya atagundua mara moja kwamba jina limepoteza herufi moja. Ukutani imeandikwa kwamba uhuru ulipatikana mwaka 1961, ambao ni mwaka wa Tanganyika, ilhali mji ni wa sura ya Lamu. Wenyewe watajibu kwamba Harambe si nchi yoyote. Jambo lingine ni paa. Lamu huezeka kwa makuti, lakini Harambe imeezekwa kwa nyasi kutoka Afrika Kusini, na mafundi wa Kizulu waliletwa kutoka KwaZulu-Natal kuifanya kazi hiyo. Yaani katika mji wa Kiswahili, shehena ya nyasi na ajira ya ufundi vilikwenda kusini. Mnazi wetu haukuhusishwa.

Kwa wasafirishaji, kivutio ni barabara ya Kilimanjaro Safaris, ambako wageni hupakiwa kwenye malori ya wazi kwenda kuona wanyama. Barabara ile ni zege. Lilitiwa rangi ifanane na udongo, likapitishwa matairi lingali bichi ili liwe na makorongo, kisha likarushiwa mawe na vijiti vishike. Watu wanalipa kiingilio kurushwarushwa, wakati madereva wetu mashimo kama yale huwagharimu springi na matairi kila safari! Hata treni ya bustani hiyo, iliyotengenezwa Uingereza na kampuni ya Severn Lamb, ilipewa sura ya kuukuu na kubebeshwa mizigo juu ya mabehewa.

Harambe nayo haikukaa ilivyo. Safari ya malori ilianza na kisa cha majangili na mtoto wa tembo aliyepotea, kisa kikaondolewa mwaka 2012 na pundamilia wakaongezwa. Mwaka 2014 ukumbi wa maonesho ya Lion King ulihamishiwa mjini humo, na mwaka 2015 likaongezwa soko la vyakula lenye sura ya majengo ya reli ya wakati wa ukoloni. Hoteli ya Animal Kingdom Lodge ilifunguliwa mwaka 2001, ikiwa na mikahawa iitwayo Boma na Jiko, na duka liitwalo Zawadi. Lugha yetu imetumika kama nakshi ya mlango. Ikumbukwe kwamba maneno "Hakuna Matata" yalisajiliwa na Disney nchini Marekani mwaka 2003 kwa ajili ya mavazi, jambo lililozua malalamiko makubwa mwaka 2018. Anayepeleka fulana zenye maneno hayo kwenye soko lile aulize wakili wa alama za biashara kwanza.

Mbuyu wa zege na mbuyu wa Kilifi

Upande wa miti ndipo kazi ya Animal Kingdom inapostahili sifa. Mibuyu yake mikubwa ni ya zege. Migunga ya savana, ile yenye kichwa bapa, mingi ni mialoni ya Florida iliyopogolewa mpaka ikapata umbo la mwavuli. Mti mkubwa wa katikati, wenye kimo cha mita 44 hivi na zaidi ya wanyama 300 waliochongwa kwenye shina, una mifupa ya chuma iliyoundwa kwa ufundi wa mitambo ya kuchimba mafuta baharini. Hakuna aliyemng'olea mwenzake mti.

Linganisha na yaliyotokea Kilifi mwaka 2022. Mibuyu hai iling'olewa mashambani kwa mitambo, kila mmoja ukizungushiwa donge la udongo wake, ili isafirishwe kwenda kupamba bustani nchini Georgia. Wenye mashamba walikuwa wamelipwa, na vibali vilikuwepo. Kelele za wananchi na wanamazingira zilipozidi, mwezi Novemba Rais William Ruto aliagiza uchunguzi kuhusu vibali na kuhusu mgawo wa haki wa manufaa kwa Wakenya, na kibali kikafutwa. Msafirishaji aliyekwisha kukodisha lowbed na winchi kwa mzigo wa aina hiyo anabaki na gharama zake. Mti uliong'olewa nao haurudishwi kwa barua ya serikali.

Kinachobaki kwa mfanyabiashara mdogo ni bidhaa za ndani ya banda: vinyago, vikapu, nguo. Sehemu kubwa ya rafu za maduka yale imejaa wanasesere na fulana, ila kazi za mkono zina nafasi, na sheria zake zimebadilika kuliko mabanda yenyewe.

Kwanza, kreti na paleti za mbao zinazoingia Marekani lazima ziwe zimepashwa joto la nyuzi 56 kwa dakika 30 mpaka kiini cha mbao, au kufukizwa dawa, na kupigwa muhuri wa kimataifa wa afya ya mimea. Marekani ilianza kusimamia jambo hilo mwaka 2005 na kulikaza mwaka 2006. Muhuri usiposomeka, mzigo unaweza kurudishwa, hata kama vinyago vyenyewe havina kasoro.

Pili ni mpingo. Tangu tarehe 2 Januari 2017 jamii nzima ya miti hiyo imo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES. Kuanzia Novemba 2019 bidhaa zilizokamilika zimesamehewa ikiwa uzito wa mbao hiyo hauzidi kilo 10 kwa shehena. Mchongaji wa Mwenge au Wamunyu anayetuma kifurushi kidogo hapati shida. Anayejaza kontena anahitaji cheti cha CITES kutoka nchi inayotoa mzigo, na kitolewe kabla ya mzigo kuondoka bandarini.