Stoo Yetu Iko kwa Mangi

Vingunguti, wilayani Ilala, ukiuliza duka linafunguliwa saa ngapi umeshajitangaza kuwa mgeni. Mtaa huu unaamshwa na nyama. Ng'ombe na mbuzi wanaotoka mnada wa Pugu huchinjwa usiku kuamkia alfajiri, na kabla hakujapambazuka vizuri mapaja na mbavu vimeshaanza safari ya kwenda mabuchani. Shirika la Nyumba la Taifa lilianza kujenga machinjio mapya mwaka 2019. Majengo yakabadilika, saa zikabaki zile zile. Wachinjaji, wapakiaji, wachuuzi wa utumbo na makongoro, wote hao wanataka kutia kitu tumboni saa 10 alfajiri, kwa hiyo kuna mtu amewasha jiko la mkaa tangu saa 8. Wakitoka hao wanapita watu wa zamu, wale wa viwanda vya Barabara ya Nyerere, ambayo wazee bado wanaiita ya Pugu, nao wana uji na maandazi yao. Mchana ni wa mama ntilie. Jioni ni chipsi, mishikaki, kahawa na kashata. Usiku wa manane, ukiishiwa dawa ya mbu, unagonga nondo za dirisha kwa sarafu na kijana wa mwenye duka, tunayemwita Mangi, anaamka, maana analala humo humo dukani, kati ya viroba vya unga na kreti za soda.

Amri ya kufunga maduka tunaikumbuka siku moja kwa mwezi. Rais Magufuli alipogeuza sherehe za Uhuru za 9 Desemba 2015 kuwa siku ya kufanya usafi, ikafuata desturi ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ambapo maduka hutakiwa kubaki yamefungwa hadi saa 4 asubuhi. Hata hapo, mlango wa nyuma una watu wake.

Wapo wanaosema saa hizi ndefu ni uchu wa wafanyabiashara. Mimi naziona zimetoka mfukoni mwa mnunuzi. Kibarua analipwa leo kwa kazi ya leo, na wakati mwingine analipwa saa 3 usiku. Chakula kinanunuliwa kwa mlo: mafuta ya mia tano, robo ya sukari, nyanya fungu moja, mkaa kopo moja. Nyumba ya vyumba sita yenye familia sita haina pa kuweka gunia la mchele, na hata ukipapata, gunia linaloonekana halikosi waombaji. Ndiyo maana stoo ya kila nyumba iko kwa Mangi, na anayetumwa huko ni mtoto.

"Shikamoo Mangi. Mama kasema nipe mafuta ya mia tano, hela ataleta jioni."

"Marahaba. Mwambie mama yako daftari linajaa. Haya, lete chupa."

Chupa ni ile ile ya juzi, bado inanata. Mangi anachota kwa kipimo chake, anamimina taratibu, kisha anakiinamisha kipimo hadi tone la mwisho lidondoke, maana mtoto ametumwa mafuta na ametumwa macho pia. Halafu anachomoa kalamu sikioni na kuandika.

Hata ukarimu wetu unategemea dirisha hilo. Mgeni akipiga hodi saa 2 usiku, mama mwenye nyumba anamkaribisha, anamsogezea kiti, anaulizia afya ya watu wa kwao mmoja mmoja. Wakati huo mtoto ameshachomokea uani na noti ya elfu mbili na chupa tupu ya soda. Mgeni anajifanya hakuona. Soda inafika ya baridi, inafunguliwa mbele yake, na hakuna anayejua kwamba dakika kumi nyuma nyumba haikuwa na kitu zaidi ya maji ya ndoo.

Sasa mchukue mtu aliyelelewa hivyo umpeleke München, nilikoishi mimi. Ujerumani Magharibi ilitunga sheria ya saa za maduka mwaka 1956: siku za kazi mwisho saa 12:30 jioni, Jumamosi saa 8 mchana. Ililegezwa kidogo kidogo, mwaka 1996 ikafika saa 2 usiku, na mwaka 2006 majimbo yakaachiwa kujiamulia. Berlin ikaruhusu biashara usiku kucha siku sita za wiki. Bavaria, ambako München ndiyo mji mkuu, ikashikilia saa 2. Jumapili ndiyo ngumu zaidi kuigusa, maana imo kwenye katiba, katika kifungu kilichorithiwa kutoka katiba ya Weimar ya mwaka 1919. Berlin ilipotaka maduka yafunguliwe Jumapili zote nne za kuelekea Krismasi, Mahakama ya Katiba ilikataa, Desemba 2009.

Jumamosi jioni, basi, watu wa München wanasukuma vitoroli kama wanaotarajia mafuriko, na Jumapili mji unanyamaza. Kituo kikuu cha treni kina maduka, vituo vya mafuta vinauza mkate na maziwa kwa bei ya kukutia adabu, na zaidi ya hapo ni nadra kupata pa kumtuma mtoto. Chupa tupu wenzetu nao wanazirudisha na kulipwa, lakini mashine ya kuzipokea iko ndani ya duka, na duka limefungwa. Kutoboa ukuta siku hiyo ni kugombana na jirani. Mtu aliyezoea ngoma ya mdundiko ikipita dirishani, au kigodoro cha mtaa wa pili hadi alfajiri, analala vibaya kwa ukimya huo. Mjerumani akikuomba umwambie mapema kabla ya kumtembelea, usimwite mchoyo. Anajua friji lake lina nini, na anajua hakuna Mangi wa kumwokoa.

Jua nalo lina mambo yake. Dar es Salaam magharibi haichezi mbali na saa 12 na nusu mwaka mzima, ndiyo maana mama akisema "kabla ya magharibi uwe umerudi" hahitaji saa ya ukutani. München mwezi Desemba jua linazama saa 10 na dakika ishirini hivi. Juni bado lipo saa 3 usiku. Ukifunga Ramadhani ya kiangazi huko utakumbuka futari za kwetu.

Muscat, Oman, ambako wengi wana ndugu, siku inakatika katikati. Maduka mengi hufungwa kuanzia kama saa 7 mchana hadi saa 10, na Ijumaa asubuhi mitaa hulala hadi swala iishe. Tangu Mei 2013 mapumziko ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi. Zamani yalikuwa Alhamisi na Ijumaa. Kuanzia Juni hadi Agosti kazi za juani haziruhusiwi saa 6 na nusu hadi saa 9 na nusu mchana, kwa ajili ya joto. Mswahili wa Uswahilini huzoea upesi, kwa kuwa baada ya isha mji unafufuka na watu wanakaa nje kama kwetu. Lakini dada aliyekwenda kufanya kazi za ndani hapati usingizi wa mchana wa matajiri zake, wala hafungi macho mapema wanapokesha.

Hapo ndipo sheria ya Wajerumani inanishawishi, hata kama tumbo langu liliinung'unikia. Iliandikwa ili muuzaji naye apumzike. Kijana wa Mangi hana sheria hiyo. Sifa ya Vingunguti kwamba haifungi anailipia yeye kwa usingizi wake, na sisi tunamgongea nondo kwa kiberiti cha mia.

Waliorudi kutoka Ulaya wanajulikana kwa friji. Wananunua vya wiki nzima Kariakoo, wanagandisha nyama, wanajaza makopo ya mchele, na majirani wanaanza kusema fulani siku hizi anajitenga. Mangi naye hafurahi, ingawa hasemi. Kinachowarudisha ni umeme. Friji likishajaa, umeme wa LUKU unakatika saa 5 usiku. Token unaweza kununua kwa simu, ukiwa na salio. Usipokuwa nalo, unavaa kandambili, unakwenda kwa wakala aliye ubavuni mwa duka la Mangi, na ukifika unakuta foleni.