Mtoto wa Kisangani na Kamera Yake

Ndugu msomaji, wewe unayekaa Bengamisa, ukitaka kwenda mjini unafuata barabara, unavuka daraja la Tshopo, na tayari uko Kisangani, mji wa toleka. Ni katika mji huo ambamo Dieudo Hamadi alizaliwa mwaka 1984. Alianza masomo ya udaktari kule kule, kisha akayaacha, akashika kamera. Wazazi wengi wangelia!

Sinema zake si zile za bastola na karate ambazo vijana wanalipia kuziangalia kule kwenye machimbo. Anafanya dokumanteri: hakuna mtu anayepewa maneno ya kusema, anafuatwa tu katika maisha yake. Zamani kazi hiyo ilidai kundi la watu, vyombo vizito na franga nyingi. Kamera ndogo za siku hizi zimebadilisha mambo. Mara nyingi Hamadi anakamata picha yeye mwenyewe, kamera mkononi. Lakini chombo hakitoshi. Anapashwa kukaa na watu siku nyingi, mpaka wamzoee. Wewe kijana mwenye telefone ya kamera, je, umekwisha kukaa na mtu namna hiyo kabla ya kumpiga picha?

Mwaka 2014 alitoa Examen d'État. Ndani yake utaona wanafunzi wa Kisangani wanafukuzwa darasani sababu hawajalipa franga za walimu. Wanakodi nyumba, wanajifunza pamoja usiku, wengine wanatafuta majibu ya kununua. Wanatafuta pia maombi na dawa za waganga, ili diplome ipatikane. Sisi wachungaji tungefanya vizuri kuiangalia sinema hiyo bila kukasirika.

Kisha ikaja Maman Colonelle, mwaka 2017. Inamfuata Kanali Honorine Munyole, mama wa polisi anayelinda wanawake na watoto, aliyehamishwa kutoka Bukavu mpaka Kisangani. Kule Berlin, jury ya makanisa iliipa zawadi. Katika kazi hiyo, mama huyo anakutana na watu ambao mji ulikuwa kama umewasahau: waliojeruhiwa na kubakwa katika Vita vya Siku Sita.

Wewe uliyezaliwa nyuma, ulize wazee. Tangu tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000, jeshi la Rwanda na jeshi la Uganda yalipigana katikati ya Kisangani. Majeshi mawili ya wageni, katika mji wetu! Mabomu yaliangukia nyumba, masomo, makanisa. Raia kwa mamia walikufa, wengi zaidi walijeruhiwa. Hamadi alikuwa na miaka 16.

Miaka ikapita, malipo hayakuonekana. Basi wenye kukatwa miguu na mikono walijiunga, wakaamua kushuka mpaka Kinshasa kuuliza Serikali haki yao. Hamadi akapanda masua pamoja nao. Kwa njia ya mto ni karibu kilometa 1,700. Fikiri mwenyewe: mtu wa magongo katikati ya mizigo, watu wamejaa, mvua inapiga, hema linapeperuka. Kamera iko pale pale, inalowa pamoja nao. Kule Kinshasa wanafika mbele ya jumba la Bunge, na kusikilizwa hakuji upesi.

Sinema hiyo, En route pour le milliard, ilichaguliwa na tamasha la Cannes mwaka 2020, ya kwanza kutoka Congo yetu kuingia katika orodha ile kubwa. Mwaka ule Corona ilizuia tamasha lenyewe. Jina lake linasema juu ya miliari ya dola, malipo ambayo watu hawa walisikia habari yake pasipo kuyashika.

Tarehe 9 Februari 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule La Haye iliamuru Uganda ilipe Congo dola milioni 325, na katika hizo milioni 225 ni juu ya watu walioumizwa ao kuuawa. Hukumu hiyo inagusa mahali pengi, hata Ituri, si Kisangani peke yake. Dola milioni 65 za kwanza zililipwa mwaka ule ule. Mfuko wa kuzigawa uliwekwa Kisangani, na mtu aliyeshuka mto kwa magongo sasa anapashwa kuleta karatasi zake pale, aonyeshe kwamba yeye ni mmoja wa wale wa Juni 2000.