KONKRITI YENYE SIMITI KIDOGO

Simiti hufanywa kwa kuchoma mawe ya chokaa kwa moto wa digrii 1450 hivi. Mawe hayo, pamoja na makaa ya kuchomea, hutoa hewa ya kaboni, nayo huzidisha joto la dunia na kuvuruga mvua zetu. Ndiyo maana Wilaya ya Marin, California, huko Marekani, iliweka masharti ya konkriti mwaka wa 2019.

Mjenzi wa huko huchagua njia moja kati ya mbili: aonyeshe kwamba simiti haikuzidi kipimo, au kwamba hewa ya kaboni haikuzidi. Konkriti ya nguvu ndogo huruhusiwa kilo 215 hivi za simiti kwa mita moja ya ujazo, yaani mifuko 4 na kidogo. Konkriti yetu ya 1:2:4 hula mifuko 6 hivi.

Je, jengo halitadhoofika? La. Mahali pa sehemu ya simiti hutiwa pozolana, yaani jivu la volkano. Hapa Kenya simiti ya namna hiyo huuzwa. Tazama alama ya CEM IV mfukoni.

Masharti ya Marin hayakufungi wewe, lakini faida yake waweza kuipata unapojenga sakafu ya zizi:

1. Pima kwa karai, usikisie.
2. Tumia mchanga usio na udongo.
3. Usizidishe maji, maana hudhoofisha konkriti.
4. Ifunike kwa magunia yaliyoloweshwa siku 7. Ya pozolana siku 14, kwa kuwa hukomaa polepole.

Nguzo na mihimili usiipunguzie simiti kabla ya kumwuliza mhandisi.