Uzi wa Kioo Kwenye Moyo wa Baba

Si mnaijua ile kazi yetu, sisi watoto wa huku? Daktari anaongea dakika tano, mzazi anageuka, "Anasemaje?", na wewe unajibu kwa maneno manne. Mimi nilisema: "Wataingiza kamera kwenye mshipa."

Baba akaweka kalamu chini. "Mimi? Hapana. Twende nyumbani."

Tukarudi Thamesmead, fomu haijasainiwa. Usiku nikasoma. Asubuhi tukatembea polepole kando ya ziwa la Southmere, maana kifua kilikuwa kinambana, nikaanza upya.

"Baba, si kamera kama ya simu. Ni uzi wa kioo, uko ndani ya mpira mwembamba usiozidi milimita moja hivi. Wanaupitisha kwenye kifundo cha mkono mpaka mishipa ya moyo. Unatoa mwanga usioonekana kwa macho, unazunguka huku ukivutwa nyuma, sekunde chache tu. Mwanga ukigonga ukuta wa mshipa unarudi, na mashine inachora ukuta tabaka kwa tabaka."

Kipimo hiki kinaitwa OCT. Kilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1991, na kinaona vitu vya mikroni 10 hadi 20, vyembamba kuliko unywele.

Baba alikuwa fundi bomba Tanga. "Kwa hiyo wanatafuta kutu ndani ya bomba."

"Karibu upatie. Ile eksirei inaonyesha njia ilivyobana tu. Lakini mafuta mengi yamejificha ndani ya ukuta wenyewe, yamefunikwa na utando mwembamba. Utando ukipasuka, damu inaganda hapo, njia inaziba. Huo ndio mshtuko wa moyo."

Akanyamaza. Halafu: "Na damu je? Kwenye maji ya tope, tochi haioni."

Hilo sikulijua. Tukarudi kuuliza. Kumbe Baba kapatia: chembe nyekundu za damu zinatawanya mwanga, kwa hiyo wanasukuma dawa ya rangi ili damu ipishe kidogo.

"Mimi nina sukari," Baba akasema. "Hiyo dawa haiumizi figo?"

Nikatafsiri neno kwa neno. Daktari akageuka, akamtazama yeye, si mimi. Ndiyo, inaweza kuzielemea. Watapima figo kwanza, na watatumia dawa kidogo iwezekanavyo.

Baba akasaini.

Kwenye basi nikampa stori nyingine: Charles Kao, aliyepata Nobeli mwaka 2009 kwa kazi yake juu ya nyuzi za kioo, alisoma chuo Woolwich, akahitimu 1957.

"Woolwich hii hapa?"

"Hii hii."

Nilidhani maneno manne yanampunguzia hofu. Kumbe yalimnyima maswali, na swali la figo lilikuwa lake, si langu. Siku hizi naomba mkalimani, NHS haitozi, nami nakaa pembeni kama mtoto wake.

Wewe je, umewahi kumfupishia mzazi nini? Tuambie.