UZI: Matrekta ya miwa, mashimo ya barabara, na ni nani anafaa kulipa

1. Msimu wa siasa ukifika huku ukanda wa miwa, utasikia kauli mbili kwa wiki moja. Mheshimiwa aliye kitini anasema, "Hii barabara imemalizwa na matrekta ya miwa." Watu wanapiga makofi. Siku tatu baadaye mpinzani wake anasimama pale pale: "Mkinichagua, hapa ni lami." Makofi tena, hata zaidi. Leo tuzichambue hizo kauli mbili. Sheria ya hapa mnaijua: hakuna majina ya watu, hakuna vyama.

2. Mbona hii mada? Mjomba wangu analima miwa Kakamega. Mwaka juzi miwa yake ilikatwa, mvua ikanyesha, trekta likakwama kilomita mbili kabla ya kufika shambani. Miwa ikalala chini siku sita. Muwa ukishakatwa unaanza kukauka na kupoteza sukari, na mkulima analipwa kwa uzito. Malipo yalipokuja, wakitoa gharama ya kukata na ya kubeba, kilichobaki hakikutosha karo ya muhula mmoja. Akaniuliza, "Mjomba, wewe si unasomea siasa? Sasa hapa wa kulaumiwa ni nani?" Sikuwa na jibu. Nimelitafuta, na ndilo hili.

3. Tuanze na shimo lenyewe. Shimo linahitaji vitu viwili: maji na uzito. Kwa barabara ya lami, maji yanaingia kwa nyufa na kulainisha tabaka la chini. Gurudumu zito likipita, lami inabonyea, maji yanasukumwa na kutoka na udongo, chini kunabaki uwazi. Siku moja lami inaanguka ndani. Kwa barabara ya changarawe, ile tunaita marram, hakuna lami ya kuanguka: gurudumu linachimba mfereji, maji yanakaa kwa huo mfereji, gurudumu la kesho linauchimba zaidi.

4. Kwa hivyo swali la kwanza: je, matrekta yanaharibu kweli, ama ni kisingizio? Yanaharibu. Na hapa kuna hesabu ambayo kila mpiga kura angefaa kuijua.

5. Wahandisi wa Marekani walijenga barabara za majaribio karibu na mji wa Ottawa, jimbo la Illinois, na kati ya 1958 na 1960 wakapitisha malori ya uzito tofauti kwa muda wa miaka miwili. Waligundua uharibifu hauongezeki sawa na uzito. Unaongezeka takriban kwa kipeo cha nne. Yaani ukizidisha mzigo wa ekseli mara mbili, uharibifu hauwi mara mbili, unakuwa mara 16. Ekseli ni ule mhimili unaoshika magurudumu ya kulia na ya kushoto.

6. Tuilete nyumbani. Kanuni za Jumuiya ya Afrika Mashariki zinaruhusu tani 10 kwa ekseli moja yenye magurudumu manne. Weka tani 12: uharibifu ni mara mbili. Weka tani 14: karibu mara nne. Umeongeza mzigo kwa asilimia 40 tu, lakini barabara umeila mara nne. Linganisha na gari dogo lenye kama nusu tani kwa ekseli: ile ekseli ya tani 10 inaumiza barabara zaidi ya mara 100,000. Kwa hivyo probox ya mwalimu si mshukiwa.

7. Tahadhari kidogo. Hiyo hesabu ilitoka kwa barabara zilizowekwa tabaka la juu gumu. Kwa marram mambo hayafuati kipimo hicho hicho, na mvua na mitaro mibovu vina usemi mkubwa kuliko huko. Lakini mwelekeo ni ule ule: mzigo wa mwisho unaoongezwa juu ya trela ndio unaoumiza kuliko yote.

8. Sasa, mbona wanajaza hivyo? Si ati madereva ni watu wabaya. Mwenye trekta hulipwa kwa tani. Safari moja ya mzigo mkubwa ni dizeli kidogo na hela zaidi kuliko safari mbili za mzigo halali. Hasara ya barabara haimo kwa risiti yake. Inalipwa na mama anayebebwa na boda usiku kwenda kujifungua, mwenye matatu anayebadilisha springi kila mara, na mjomba wangu ambaye miwa yake imelala chini. Mmoja anapata faida, wengine wanagawana gharama. Darasani tulifundishwa jina refu la hiyo kitu, lakini mnaielewa tayari.

9. "Basi tupige matrekta marufuku!" Hapana. Trekta likikosa kuja, miwa haitembei yenyewe. Mkulima ndiye wa kwanza kuumia. Mwanasiasa anayepiga kelele dhidi ya matrekta anajua hivyo, ndiyo maana hasemi atafanya nini baada ya kulaumu.

10. Twende kwa kauli ya pili: "Hapa ni lami." Swali langu la kwanza kwake: hii barabara ni yako kweli? Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inagawa kazi. Barabara kuu ni za serikali ya kitaifa, barabara za kaunti ni za kaunti. Kwa orodha ya madaraja, S, A, B na C ni za kitaifa; D kushuka chini ni za kaunti. Kenya ina zaidi ya kilomita 160,000 za barabara na sehemu kubwa ni za kaunti. Ile ya kwenda shambani kwa mjomba iko chini kabisa ya orodha.

11. Kwa hivyo mgombea ubunge akiahidi lami kwa barabara ya daraja la E, anaahidi kwa mfuko wa mtu mwingine. Na gavana akikulaumu wewe kwa kutopigia simu mbunge kuhusu barabara hiyo hiyo, anakurusha. Barabara ikiwa na wenyewe wawili mdomoni, kwa greda haina mwenyewe hata mmoja.

12. Swali la pili: hata lami ikija, itadumu? Lami nyembamba iliyopangiwa magari madogo, ikipitiwa na trela zilizojaa kupita kiasi, inapasuka mapema, na kurekebisha lami iliyopasuka ni ghali kuliko kusawazisha marram. Bila kudhibiti mzigo na bila mitaro, lami ni shimo ambalo bado halijafunguliwa.

13. Na marram nayo ina masharti yake. Inataka mgongo katikati ili maji yateremke kando, mitaro iliyo wazi, kalvati zisizoziba, na roli ya kushindilia baada ya greda. Mnajua ile greda inayopita Ijumaa kabla ya mkutano wa Jumapili, bila roli, bila mtaro kuguswa? Huo ni udongo uliolegezwa ukisubiri mvua.

14. Sasa hela. Ziko mifuko mitatu, na zote unachangia. Wa kwanza ni ushuru wa mafuta wa kutunza barabara: tangu Julai 2024 ni shilingi 25 kwa kila lita ya petroli au dizeli. Mwenye boda analipa, mwenye trekta analipa. Lakini unalipwa kwa lita, si kwa uharibifu. Halafu trekta linalolima shambani siku nzima bila kugusa barabara linalipa pia. Na 2025 serikali iliweka rehani shilingi 7 kati ya hizo 25 ili kulipa madeni ya wakandarasi, kwa hivyo usidhani shilingi zote 25 zinaenda kwa greda la leo.

15. Mfuko wa pili ni sesi, ule ushuru ambao kaunti hutoza mazao yakisafirishwa. Wakulima wengi wanaamini sesi ni hela ya barabara. Tatizo: kulingana na Katiba, mapato ya kaunti yanaingia kwa Hazina ya Mapato ya Kaunti, kikapu kimoja. Sesi ikishaingia humo inachanganyika na hela za kuegesha magari na za soko. Isipokuwa bajeti iseme wazi, hakuna kinachoilazimisha irudi kwa barabara ya miwa.

16. Wa tatu ni ushuru wa sukari wa asilimia 4, uliorudishwa na Sheria ya Sukari ya 2024. Sheria hiyo imetenga sehemu ya hela kwa miundombinu ya maeneo ya miwa. Hapa angalau kuna mstari ulioandikwa. Kazi yetu ni kuuliza kila mwaka: mstari huo umefika barabara gani?

17. Sasa nifike kwa jambo ambalo sijawahi kulisikia likisemwa kwa mkutano wowote. Watu husema mzigo hauwezi kudhibitiwa kijijini kwa sababu mizani za magari ziko kwa barabara kuu. Ni kweli, hakuna mizani pale kwa mjomba. Lakini kila trela ya miwa inapimwa! Inapimwa langoni mwa kiwanda, ikiingia na ikitoka, kwa sababu bila hiyo mkulima hawezi kulipwa. Kumbukumbu ya kila mzigo uliozidi ipo tayari, na tarehe yake, na namba ya gari.

18. Kwa hivyo dawa moja haihitaji mizani mpya wala polisi vichakani. Kaunti, kiwanda na wakulima wakubaliane: mwenye gari analipwa nauli mpaka uzito halali wa gari lake, tani za juu ya hapo hazilipwi nauli. Mkulima alipwe miwa yake yote, kwa sababu si yeye aliyeipakia. Siku ambayo tani ya ziada haina pesa, hakuna dereva ataibeba.

19. Najua pingamizi. Moja: safari zitaongezeka na bei ya usafiri itapanda. Inaweza, na ndiyo maana bei hiyo ijadiliwe mezani, si kufichwa ndani ya mashimo ambako mkulima anailipa bila kuiona. Mbili: mizani ya kiwanda inapima gari zima, si kila ekseli. Sawa, lakini gari lililozidi uzito jumla limezidi tu. Tuanzie hapo. Tatu: kiwanda kinataka miwa haraka, kitakubali vipi? Hapo ndipo tunahitaji mwanasiasa. Kazi yake ni kuwakalisha watu mezani, na ndiyo kazi ngumu kuliko kuahidi lami.

20. Ukimpata mgombea yeyote, wa upande wowote, muulize haya manne:
– Hii barabara ina namba gani, daraja gani, na ni ya nani?
– Sesi ya miwa iliyokusanywa mwaka jana ni shilingi ngapi, na ngapi zilirudi kwa barabara za miwa?
– Mitaro na kalvati ziko kwa mpango, ama ni greda peke yake?
– Utafanya nini kuhusu mzigo uliozidi, ukijua kiwanda tayari kimeupima?

21. Na usingoje kampeni. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakupa haki ya kuandikia ofisi ya umma, nayo inafaa ikujibu ndani ya siku 21. Makadirio ya bajeti ya kaunti yanafaa kufika bunge la kaunti kufikia Aprili 30, na lazima wananchi washirikishwe. Vile vikao ambavyo huwa na viti vingi kuliko watu, huko ndiko kalvati yako inapangwa ama inasahauliwa.

22. Nilimpigia mjomba nikamweleza haya yote. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe wakati wote huo hesabu ilikuwa kwa karatasi yangu ya malipo." Ni kweli. Ile risiti ya mizani ameiweka kwa kasha pamoja na vyeti vya watoto. Kikao kijacho cha bajeti ameniambia ataenda nayo. Kama na wewe unayo ya kwako, usiitupe.